Historia ya marehemu inatosha karatasi moja

Kazi inayonipa hela ya haraka hapa steshenari kwangu sio kopi za vitambulisho wala mitihani ya shule, ni historia za marehemu. Mtu akifiwa hana muda wa kubishana bei. Anakuja usiku na karatasi ya daftari imeandikwa kwa kalamu, maneno yamefutwafutwa, anasema dada tunaaga kesho saa nne, naomba unichapie vizuri, na ratiba, na picha hii uiweke juu, kopi hamsini. Halafu anakaa kwenye lile benchi la nje anaangalia chini tu mpaka printa imalize.

Nimeanza kazi hii 2012, hapahapa Kimara, Dar es Salaam, na kwa kweli zinafanana mno, naweza kuzichapa nimefumba macho. Marehemu alizaliwa mwaka fulani kijiji fulani akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee fulani. Alipata elimu ya msingi shule fulani. Akaajiriwa. Akafunga ndoa takatifu. Alianza kusumbuliwa na presha na sukari, akapelekwa hospitali, hali ikabadilika, hadi umauti ulipomfika saa tisa usiku. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Enta, enta, printi.

Ilinichukua miaka kuona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu kila siku, maana mi nilikuwa naangalia spelingi. Haizidi ukurasa mmoja. Mtu ameishi miaka 68, amegombana na jirani hadi mahakamani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, amejenga nyumba miaka kumi na minne akianza na msingi akaja kumalizia na vigae, na vyote hivyo ukivitafuta kwenye ile karatasi huvioni. Sijawahi kuchapa historia ya marehemu yenye namba ya gari lake. Kiwanja kinakuja baadaye kwenye kikao cha ukoo, tena kwa kelele, lakini kwenye karatasi inayosomwa mbele ya jeneza hakimo. Na ikizidi ukurasa mmoja watu wanaanza kuangalia saa, jua kali, kosta zinasubiri safari ya Moshi au Tukuyu au Bukoba.

Sasa nisijifanye mtakatifu hapa. Mwanzoni mwa 2021, mnakumbuka kipindi kile tulichokuwa tunakiita changamoto ya upumuaji, yaani korona, misiba ilikuwa inafuatana kama foleni, kuna siku nilichapa historia nne siku moja. Printa ninayotumia mpaka leo niliinunua kwa hela za kipindi kile. Na mi ni mtu wa kanisani, Mlutheri wa KKKT, naimba kwaya, na kila asubuhi kabla sijafungua fremu huwa nainamisha kichwa naomba, Bwana niletee wateja leo. Asubuhi moja niko katikati ya sala nikasikia king'ora cha gari la kubebea mwili kinapita Morogoro Road na kitu kikanichoma, nikajiuliza hivi huwa naomba nini hasa? Wateja wangu ni kina nani? Nikashindwa kusema amina. Tangu siku ile nimebadilisha maneno, naomba riziki tu, yeye anajua ataitoa wapi.

Machi 17 mwaka uleule usiku ndo Makamu wa Rais akatokea kwenye TV kutangaza kwamba Rais Magufuli amefariki. Miaka 61. Kesho yake watu wakajaa kuprinti picha yake, wa kuweka dukani, wa kuweka kwenye bajaji. Kuna mzee mlinzi wa jengo la jirani alikuja kuangalia tu, picha ikawa inatoka kwenye printa polepole, kichwa, shingo, mabega, akasema "kumbe na huyu", akarudi kwenye lindo lake. Hakusema lingine. Nilikumbuka ile sauti kuliko mahubiri yote ya wiki ile.

Lakini iliyonikaa rohoni kuliko zote ilikuwa fupi kuliko zote. Alikuja kijana wa bodaboda, helmeti mkononi, hana hata karatasi. Mtoto wake aliishi siku kumi na moja. Akasema wakubwa wananiambia mtoto mchanga hana historia, tukazike tu, lakini mi nataka isomwe. Basi akawa anasema mi nachapa. Alizaliwa tarehe fulani akiwa na kilo mbili na gramu mia mbili. Alibatizwa wodini kwa ubatizo wa dharura. Alikuwa anapenda kushika kidole cha mtu. Ameacha baba na mama na bibi mmoja. Nikamgeuzia skrini aone, mistari mitano pale juu, chini kote peupe. Akaangalia muda mrefu, akasema dada, hauwezi kukuza maandishi ijae kidogo?

Nikakuza. Nikaweka saizi 20, nikaachanisha mistari, picha ya simu nikaivuta. Ikajaa. Hela yake sikupokea.

Usiku ule nikafungua Zaburi ya 90, ambayo juu yake wameandika ni sala ya Musa. Nilikuwa naijua kwa masikio, inasomwa sana makaburini, ila ni mara ya kwanza naisoma nikiwa nimekaa, bila vumbi na bila kitenge cha msiba. Pale Musa anasema miaka elfu machoni pa Mungu ni kama siku ya jana ikiisha kupita. Kama ni hivyo basi siku kumi na moja za yule mtoto na miaka 98 ya Mzee Mwinyi, aliyefariki Februari 29 mwaka 2024, huko juu hazijapishana kihivyo, ni sisi huku chini tunaokuza maandishi. Mzee Mwinyi mwenyewe alikuwa anapenda kusema maisha ya mwanadamu ni hadithi, uwe hadithi nzuri kwa watakaosimuliwa. Naipenda hiyo. Ila mi nazichapa hizo hadithi, najua zinavyotengenezwa. Nimechapa "alikuwa mcha Mungu na mpenda watu" kwa mtu ambaye mtaa mzima tulikuwa tunavuka barabara tukimwona. Nimeshuhudia ndugu wanagombana hapa dirishani saa nne usiku, mmoja anasema andika watoto wanne, mwingine anasema watano na yule wa Tabata yumo, mpaka nikawaambia mkakubaliane kwanza nje, karatasi zinaisha. Watu wanasimulia wanachotaka. Kuna mwingine anayesoma, na yeye hahitaji kopi yangu.

Mwaka huu nimetimiza 43 na siku ya bethdei yangu badala ya keki nikapiga hesabu, sijui shetani au Roho Mtakatifu ndo alinituma. Kwenye ileile zaburi Musa anasema siku zetu ni miaka sabini, na tukiwa na nguvu themanini, halafu anaomba, "utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima". Haya, tuzihesabu. Mi sio mtu wa hesabu kubwa ila karatasi nazijua. Rimu moja ina karatasi 500, boksi moja lina rimu tano. Miaka 70 mara 365, achana na zile Februari 29, ni siku 25,550. Kila siku ukiipa karatasi moja hiyo ni rimu 51 na kidogo, yaani boksi kumi na rimu moja. Kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo, inabeba maisha yote ya mtu kwa tripu moja na nafasi ya abiria inabaki. Mi nimeshatumia karatasi 15,695, boksi sita na rimu moja na ushee. Zilizobaki, kama ile sabini ya Musa inanihusu, hazifiki boksi nne.

Nikageuka kuangalia shelfu. Nilikuwa na boksi nne pale, nimezinunua kwa ajili ya msimu wa mitihani. Nne kamili. Huwa nazimaliza kwa wiki tatu. Na hakuna aliyeniahidi kwamba zote nne ni zangu, yule mtoto alipewa karatasi kumi na moja tu.

Hesabu kama ile inaweza kumtia mtu wazimu, na nawajua walioingia nao, wakaacha kazi wakawa wanakesha kwenye mikesha wiki nzima huku watoto wanadaiwa ada, wanasema dunia inapita. Inapita kweli lakini mwenye nyumba wako hapiti bila kodi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kuhusu hilohilo, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile, na wale walikuwa watu wanaosubiri Bwana arudi kweli kweli, sio wavivu wa kawaida. Mi naona kuutazama umilele sio kuangalia mawinguni. Ni namna unavyoshika vitu vya hapa chini, umevishika au vimekushika. Na hilo nilifundishwa mara mbili, mara ya kwanza sikuelewa.

Mara ya kwanza ilikuwa 2017. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa palepale barabarani, na mnakumbuka mwaka ule nyumba za pembeni ya Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kibaha zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara. Walipita wakapiga X nyekundu ukutani. Ukishapigwa X unaendelea kufanya biashara, watu wanakuja kutoa kopi kama kawaida, ila hununui tena rangi ya ukuta. Jirani yangu wa saluni alikuwa ameweka vioo vipya mwezi mmoja kabla, yule dada alilia mpaka tukamshika. Tulipoanza kuhamisha vitu, mume wangu amebeba printa, vijana wamebeba mashine ya kopi, na mi najikuta nimekumbatia kifuani daftari la madeni. Daftari! Printa ya laki sita naiachia watu, daftari la shilingi mia mbilimbili nalikumbatia kama mtoto. Baadaye mchungaji alihubiri kwamba vinavyoonekana ni vya muda tu, bali visivyoonekana ni vya milele, nikaitikia amina kubwa nikifikiria ile fremu, kumbe kilichokuwa kimenishika hakikuwa fremu.

Ukurasa wa kwanza wa lile daftari ulikuwa na jina moja tu. Rafiki yangu niliyefungua naye biashara. 2015 tulichanga hela ya kununua mashine kubwa ya kopi, yeye ndo alikuwa anaenda kuinunua Kariakoo, akaondoka na 850,000 yangu na hakurudi, simu ikazimwa. Kila mwaka nikinunua daftari jipya naanza kwa kulihamisha lile jina kwenye ukurasa wa kwanza. Wadaiwa wengine niliwaacha kwenye madaftari ya zamani, wakasahaulika, yeye sikumwacha.

Mara ya pili ndo mwalimu.

Juni 2021 alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, namfahamu kwa sura kanisani. Shikamoo mwalimu. Marahaba mwanangu. Akatoa kaunta buku kwenye mfuko wa rambo, akasema nataka unichapie historia ya marehemu. Nikampa pole, nikamuuliza marehemu ni nani yako? Akasema ni mimi.

Mi Mchaga, yeye Mpare, sisi ni watani, nikajua ameanza. Nikamwambia mwalimu Mpare hafi kabla hajamaliza kesi zake. Akacheka kweli, halafu akaniambia taratibu tu kwamba ana saratani ya tezi dume na imeshatembea, madaktari wamemweleza wazi. Nataka niisome mwenyewe kabla hamjanisomea, akasema, maana mkinisomea sitaweza kubisha.

Ya kwanza ilitoka kurasa mbili na robo. Alikuwa na vitu vingi, amefundisha tangu enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, shule tano, mikoa mitatu, ukuu wa shule, semina za Dodoma, kamati ya ujenzi wa kanisa. Pale mwisho akaniambia andika alifariki tarehe, halafu weka nukta. Vidole vikagoma. Akasema chapa mwanangu, hata wewe unazo nukta zako, hujazichapa tu.

Nikadhani imeisha. Mwezi uliofuata akarudi na ile karatasi imejaa kalamu nyekundu kama amesahihisha mtihani. Akasema hii ya ukuu wa shule itoe. Kwanini mwalimu, si ulikuwa mkuu kweli? Akasema nilikuwa, ila nilikipata kile cheo kwa kumchongea mwenzangu, na nimeenda Same wiki iliyopita kumwomba radhi, yuko hai, amenisamehe na amenipa ndizi, lakini hii siwezi kwenda nayo. Nikafuta. Mwezi mwingine akafuta kamati ya ujenzi, anasema pale niligombana na watu kuliko nilivyojenga. Kila akija inapungua. Nilikuwa namchaji elfu moja ya marekebisho, mwishowe nikaona aibu nikawa nachukua mia tano.

Kuna mwezi alikuja hana furaha, kakaa kwenye benchi nusu saa nzima bila kusema shida yake. Halafu akasema, pale penye watoto watano, weka sita. Sikuuliza. Nikabonyeza, nikafuta tano, nikaandika sita. Akasema nilimwambia mama jana. Miaka 38 amekaa nalo. Akalipa akaondoka, na mi nikabaki naangalia ile namba kwenye skrini, nikiwaza wale ndugu wa saa nne usiku waliokuwa wanabishana hapahapa dirishani kwa sababu mwenye jibu alikuwa ameshalala mochwari na jibu lake.

Na deni je. Kwenye kurasa za nyuma za kaunta buku alikuwa na safu mbili, huku wanaonidai, huku ninaowadai. Akanieleza hivi, mwanangu unajua ile sentensi wanayosema msibani, kama kuna mtu anamdai marehemu au anadaiwa na marehemu aonane na familia? Mi sitaki isemwe kwangu. Basi akawa anazunguka na kile kimpira chake cha mkojo kimefichwa ndani ya koti, analipa. Duka la dawa, fundi viatu, mpaka konda mmoja wa miaka hiyo alimtafuta stendi akamkosa, hela yake akaitoa sadaka. Paulo kasema msiwiwe na mtu chochote isipokuwa kupendana, ananiambia, na mimi ni mwalimu, maelekezo nafuata.

Nikamuuliza siku moja, kwa utani ila nilikuwa namaanisha, mwalimu yote haya ndo unanunua tiketi ya mbinguni? Akaniangalia kama mwanafunzi aliyelala darasani. Akasema hapana, hiyo ilishalipwa. Akanifungulia Wakolosai sura ya pili, ile hati ya kutushitaki iliyoandikwa, Kristo akaifuta, akaigongomea msalabani. Mi nasafisha tu chumba, akasema, naenda kurudisha funguo, utaachaje chumba cha watu kichafu? Halafu akaendelea kama anajisemea mwenyewe, na mtu aliyefutiwa lote atamkabaje mwenzake kwa la kwake. Hakuwa anajua habari za daftari langu. Mi nilikuwa nimeliweka pale juu ya kaunta, nikalisogeza polepole chini ya trei ya karatasi.

Mara ya mwisho alikuja Septemba 2022. Amekonda, amesindikizwa na mjukuu. Historia ilikuwa imebaki nusu ukurasa. Kazaliwa wapi, kabatizwa lini, kafundisha, kaoa, watoto sita, na mstari mmoja wa mwisho, "Alimwamini Bwana Yesu akamtumaini." Ndo hivyo tu. Bili ilikuwa elfu mbili, akatoa noti ya elfu tano, sina chenji. Akasema nitachukua nikija. Nikamwambia Mpare kuacha chenji, kweli hizi ni siku za mwisho. Alicheka mpaka akakohoa.

Oktoba watoto wake wakaja. Nikawaonyesha faili, wakasoma, wakatazamana. Mkubwa wao, mtu wa ofisini, akasema dada hii fupi mno, watu watasemaje, mzee alikuwa mkuu wa shule. Nikawaambia alivyotaka mwenyewe. Akasema tunaelewa lakini weka. Nikaweka, mi nani wa kubishana na wafiwa. Ukuu wa shule ukarudi, semina za Dodoma zikarudi, kamati ya ujenzi ikarudi, nusu ukurasa ikawa mmoja na nusu. Halafu akashusha sauti, akasema na hapa penye sita, weka watano. Nilisimamisha vidole. Kabla sijajibu sauti ikatoka nje kwenye bajaji, mama yao alikuwa amekaa mle na kanga ya kichwani tulidhani amesinzia, akasema, "Sita. Baba yenu kasema sita." Hakuna aliyesema kitu. Ikabaki sita. Nikajaza tarehe pale penye nukta.

Kwenye kuaga nilienda, nikasimama nyuma ya turubai. Alisoma kijana mmoja kwa haraka, akakosea jina la kijiji. Yule mtoto wa sita nilimwona, mwanaume mtu mzima, kafanana na mwalimu mpaka masikio, alikuwa kwenye mstari wa watoto. Na msemaji wa familia akasimama akasema nini? Kama kuna mtu anamdai marehemu au anadaiwa na marehemu aonane na familia. Nadhani wasemaji wa familia wanazaliwa nayo hiyo sentensi. Kwa miaka yote nimehudhuria misiba sijaona mtu ananyanyuka. Siku ile mi nilikuwa na elfu tatu ya mwalimu kwenye pochi, nimeikunja tangu asubuhi.

Wakati watu wanaenda kwenye magari nikamtafuta binti yake, nikamwambia pole mdogo wangu, hii ni chenji ya baba, aliniachia Septemba. Akaniangalia kama vile sijasema Kiswahili. Kisha akasema subiri, akaingia ndani akarudi na ile kaunta buku. Akafunua nyuma, upande wa ninaowadai. Wengi wamekatwa. Mstari wa mwisho kabisa, mwandiko umeshaanza kutetemeka, "Binti wa steshenari, chenji 3,000." Amepiga mstari mwekundu juu yake na pembeni kaweka vema, ile vema ya mwalimu. Binti akanirudishia hela. Nikakataa, akasema dada imeshafutwa, mi nitaipokea niiandike wapi?

Nilirudi kufungua fremu jioni ile. Nikatoa daftari chini ya trei, ukurasa wa kwanza, nikapiga mstari. Nisidanganye, mkono ulikuwa mzito, na wiki iliyofuata tu nilijikuta napiga hesabu ile 850,000 ya 2015 kwa leo ingekuwa shilingi ngapi, nikaona hasira inapanda upya kama maziwa jikoni. Nimeshapiga mstari mara tatu juu ya mstari. Daftari la mwaka huu ndo la kwanza sijahamisha lile jina, ukurasa wa kwanza uko wazi, sijaandika mtu mwingine pale.

Ila kufuta kwenye daftari langu yeye hajui. Huenda bado anapita njia nyingine akija Kimara. Mwezi uliopita nimepata namba yake kwa dada yake, nimepiga mara mbili haipatikani, sijui hata nikipokelewa nitaanzaje, salamu kwanza au nini. Nitajaribu tena jioni. Saa hizi watoto wa shule wamejaa dirishani wanataka kopi za mtihani, na boksi la tatu nimelifungua leo asubuhi.